Tukinunua mtandao, tuulize na mlango wa kutokea

Swichi, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta za mtandao, huchakaa, na hewa ya chumvi ya Malindi ya Unguja na Mkoani ya Pemba haizipi umri mrefu. Seva hupitwa na wakati, leseni huisha. Katika mtandao unaoendeshwa kwa programu, ule ambao wataalamu huuita SDN, kinachostahili kudumu ni programu zenyewe: zile zinazoamua kompyuta ya malipo izungumze na nani, picha za eksirei zipite njia gani kutoka Pemba kuja Unguja, na mgeni wa hoteli asiifikie seva ya mapokezi. Humo ndimo ulimo ujuzi wa taasisi. Na humo humo ndimo tunamojifunga bila kujua, kwa sababu programu ikishaandikwa kwa ajili ya jukwaa moja, yaani mfumo unaoibeba na kuiunganisha na swichi, ni nadra kwenda kwenye jukwaa jengine na ikabaki ile ile.

Nalisema sasa kwa sababu hatujachelewa. Mitandao yetu mingi bado ni ya mtindo wa zamani, fundi akiingia kwenye swichi moja moja na kuandika amri. Lakini vijana wanaosoma TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) Tunguu na taasisi ya Karume Mbweni wanakuja na ujuzi mpya, na wauzaji nao wanakuja na vipeperushi vipya. Maamuzi tutakayofanya kwenye mikataba ya mwanzo yatatukaa miaka mingi.

Asili ya jambo ni hii. Zamani kila swichi na kila ruta ilikuwa na akili yake, na kampuni iliyoiuza ndiyo iliyoamua akili hiyo ifanye nini. Mwaka 2008 Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichapisha pendekezo la OpenFlow: maamuzi yaondolewe ndani ya swichi, yakae kwenye seva inayoitwa kidhibiti, na swichi ibakie na jedwali la kanuni. Pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, yenye anwani hii itoke mlango huu, yenye anwani ile itupwe, na kadhalika. Toleo la 1.0 likatoka Disemba 2009. Mwaka 2011 Google, Facebook, Microsoft, Yahoo, Verizon na Deutsche Telekom wakaunda Open Networking Foundation ili kuulea mfumo huo.

Ahadi ilikuwa kwamba utanunua swichi kwa yeyote umtakaye na kidhibiti kitazungumza nazo zote. Ilitimia kwa kiasi chake, lakini kwa upande wa chini tu, baina ya kidhibiti na swichi. Upande wa juu, pale programu inapokutana na kidhibiti, kila aliyekuja na kidhibiti, ambacho ndicho jukwaa la programu, alijenga njia yake. Kidhibiti cha NOX cha 2008 kiliandikwa kwa lugha ya C++. Ikafuata Beacon, ya Java. Floodlight ya kampuni ya Big Switch ilizaliwa kutokana na hiyo hiyo Beacon, na hata hivyo moduli, yaani kipande cha programu, ya Beacon haikuweza kuchomekwa Floodlight ikafanya kazi kama ilivyo. Wajapani wa NTT wakatoa Ryu, ya Python. Mwaka 2013 ukaanzishwa mradi wa OpenDaylight chini ya Linux Foundation, na Disemba 2014 ikatoka ONOS. Mwaka huo huo wa 2013 Open Networking Foundation iliunda kikundi cha kazi cha kutafuta mapatano ya upande wa juu, lakini hakikuzaa kiolesura kimoja, yaani njia moja ya programu kuzungumza na kidhibiti, kilichokubaliwa na majukwaa yote.

Wenye majukwaa walikuwa na sababu ya kitaalamu, na naikubali nusu yake: hakuna aliyejua bado programu za mtandao zitahitaji nini, na kuweka kiwango mapema kungefunga milango ambayo haijafunguliwa. Nusu ya pili ni biashara. Mwaka 2012 kampuni ya programu ya VMware iliinunua Nicira, kampuni changa iliyotokana na kazi ile ile ya Stanford, kwa dola bilioni 1.26. Bei ile iliwaonesha wote kwamba thamani imo kwenye programu, wala si kwenye kisanduku cha swichi. Mtu akishajua thamani iko wapi, hana haraka ya kuiweka wazi kwa majirani.

Wengi hudhani tatizo ni lugha: hii imeandikwa kwa Python, ile inataka Java, basi mtafute kijana aiandike upya. Laiti ingekuwa hivyo.

Tuchukue hospitali ya kufikirika yenye majengo Unguja na Chake Chake. Kijana wa TEHAMA ameandika programu juu ya Ryu, kwa OpenFlow 1.0, yenye kazi mbili: kifaa kigeni kikichomekwa ukutani kizuiwe mpaka kisajiliwe, na picha za eksirei zipewe njia pana. Mantiki yake ni rahisi. Pakiti ya kwanza ya kifaa kisichojulikana hufika kwa kidhibiti, programu inaangalia orodha, inaamua. Imejaribiwa, inafanya kazi. Mwaka wa pili zinaletwa swichi mpya za OpenFlow 1.3, na programu inarekebishwa ilingane na ujumbe wa toleo hilo. Inawaka bila kosa lolote. Lakini hakuna pakiti hata moja inayofika kwa kidhibiti, na hospitali nzima haina mtandao.

Sababu ni mstari mmoja katika maelezo ya kiwango. Katika 1.0, pakiti isiyo na kanuni hupelekwa kwa kidhibiti yenyewe. Katika 1.3 swichi huitupa, isipokuwa kama programu imeandika mapema kanuni ya mwisho kabisa inayosema visivyojulikana viletwe juu. Hakuna onyo, na kumbukumbu za seva ni safi. Hapo kijana hajabadilisha hata jukwaa, amebadilisha toleo tu.

Sasa ahamie Floodlight. Jukwaa hilo huja na moduli yake ya kusafirisha pakiti, nayo imewashwa tangu mwanzo. Programu zake zinakaa kwenye foleni, na moja ikisema simama, zilizo nyuma yake haziioni pakiti. Kwa hiyo ikiwa programu ya hospitali imepangwa nyuma ya moduli hiyo, kifaa kigeni kitakuwa kimeshafunguliwa njia kabla mlinzi hajaulizwa. Katika Ryu hapakuwa na jirani wa namna hiyo: usipowasha programu, hakuna kinachofanyika. ONOS nayo ina mpango wake mwengine. Programu hupangwa kwa namba za kipaumbele, pakiti iliyokwisha kushughulikiwa hutiwa alama, na waliobaki wanaiona lakini wanatarajiwa kuiheshimu alama. Mantiki ni ile ile herufi kwa herufi, na bado ulinzi uliokuwa kamili kwenye jukwaa moja unavuja kwenye jengine. Hili linanitia wasiwasi kuliko mtandao kuzimika, kwa sababu mtandao ukizimika watu watapiga simu, na ulinzi ukivuja hakuna anayepiga.

OpenDaylight ina jambo lake pia, na kwa hospitali ni zito. Kule programu haiiamrishi swichi moja kwa moja. Inaandika inachokitaka kwenye ghala la data lililopangwa kwa lugha ya YANG, na jukwaa ndilo linalopeleka kanuni chini. Ghala likijibu kwamba limepokea, maana yake limepokea tu. Swichi inaweza kuwa haijapata kitu, na mwenye programu anatakiwa asome sehemu ya pili ya ghala, ile inayoonesha hali halisi, ndipo awe na uhakika. Programu iliyozoea njia ya Ryu itaandika kwenye ripoti kwamba kifaa kimezuiwa, hali ya kuwa bado kinazungumza.

Kinachotokea hapa anakijua kila mwenye nyumba Unguja. Jamaa akikuletea pasi ya umeme kutoka Marekani, utapita Darajani ununue adapta, na miguu itaingia ukutani vizuri kabisa. Lakini pasi ile imetengenezewa volti 120 na ukuta wetu una 230. Adapta imesawazisha miguu, haikusawazisha umeme. Katika programu za mtandao, miguu ni majina ya amri na lugha ya kuandikia. Umeme ni tabia ya jukwaa: nani anaiona pakiti kwanza, kimya kina maana gani, jibu la "ndiyo" linathibitisha nini.

Ulaya walilifanyia kazi jambo hili kwa dhati. Mradi wa NetIDE, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kuanza 2014, ulilenga programu iliyoandikwa kwa kidhibiti kimoja iweze kuendesha mtandao ulio chini ya kidhibiti chengine. Njia yao ilikuwa ya busara. Programu inaachwa ikae ndani ya kidhibiti chake ilichozaliwa nacho, Ryu au Floodlight, lakini kidhibiti hicho hakigusi swichi. Maneno yake yanapelekwa kwenye kiini cha kati, na kutoka hapo kwa kidhibiti kinachomiliki mtandao kweli, mathalani OpenDaylight au ONOS. Kiini kile pia kinapanga programu kadhaa zifanye kazi pamoja na kutatua migongano yao. Kazi yao iliingizwa ndani ya OpenDaylight kama mradi mmojawapo.

Nawapa heshima yao, khasa kwa kuliona suala la migongano, ambalo wengi walikuwa wanalipita. Lakini sipendekezi njia hiyo kwetu. Badala ya kidhibiti kimoja unakuwa na viwili na kiini katikati, na vyote vitatu vinataka mtu wa kuvihudumia usiku wa Idi vinapokwama. Taasisi yenye mafundi wanne haiwezi kubeba hilo. Na bado tabia za msingi hazifichiki zote nyuma ya mkalimani: kidhibiti cha chini kikichelewa, programu ya juu haijui kwa nini.

Kuna pia suala la mahali, ambalo watu wa visiwani tunapaswa kulisema kwa sauti zaidi kuliko wenzetu wa bara, maana vitabu huliandika kama jambo la pembeni. Programu ya hospitali yetu iliandikwa kwenye kompyuta moja, kidhibiti na swichi za kuigiza vikiwa pamoja. Ikihamishwa kwenye jukwaa linalokaa Unguja wakati swichi ziko Chake Chake, kila kifaa kipya cha Pemba kinasubiri swali livuke bahari na jibu lirudi. Siku ya kawaida pengine hakuna atakayelalamika. Lakini kiungo kikikatika, swichi zinafanya nini? OpenFlow kuanzia 1.1 inataja hali mbili. Katika ya kwanza swichi inaendelea na kanuni ilizonazo na haipokei jipya. Katika ya pili inarudi kuwa swichi ya kawaida inayopitisha kila kitu. Open vSwitch, swichi ya programu inayotumika sana maabara na kwenye seva, usipoiambia kitu huchagua hali ya pili. Kwa hiyo saa ile ile ambayo Pemba imekatika na Unguja, kifaa kigeni kilichokuwa kimezuiwa kinaweza kufunguliwa, bila hata mstari mmoja wa programu kubadilika.

Wanaouza vidhibiti vilivyo kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zilizoko ng'ambo, waulizwe swali hilo hilo kwa mkazo zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini mwa bara hili, na intaneti ya Tanzania nzima ikayumba. Programu inayohama kutoka seva ya chumba cha pili kwenda wingu la Ulaya imehama mahali pamoja na kuhama jukwaa.

Yupo atakayesema haya ni ya wenye mitandao mikubwa, na kwamba taasisi ndogo inunue mfumo kamili kwa kampuni moja, ipate na huduma yake, ilale. Kwa hoteli ya vyumba ishirini Paje au Nungwi nakubaliana naye. Hawana programu yao wenyewe, wanatumia ya muuzaji, na siku ya kuhama watahamia mfumo mwengine mzima. Lakini wizara, hospitali, bandari na vyuo hawamo humo. Wao wana taratibu zao, zinazotokana na sheria na namna ya kazi ya hapa, na taratibu hizo ndizo zitakazoandikwa kuwa programu. Fedha zao mara nyingi ni za mradi. Mradi ukimalizika, mfadhili anaondoka na mkandarasi pia.

Na majukwaa yenyewe hufa. Ryu, ambayo wanafunzi duniani kote wamejifunzia, iliachwa bila matunzo, mpaka watu wa OpenStack, mradi wa programu za wingu, wakachukua nakala yake na kuitunza wenyewe kwa jina la os-ken, kwa kuwa programu zao ziliitegemea. OpenDaylight ilianza na njia mbili za kuandikia programu. Moja ikaondolewa baadaye, na walioifuata wakalazimika kuandika upya ndani ya jukwaa lile lile. Kwenye vifaa hali si bora. Lugha ya P4, iliyotangazwa 2014, ilileta matumaini kwamba hata tabia ya ndani ya swichi itaandikwa na mtumiaji, na chipu ya Tofino ya kampuni ya Barefoot ikawa ndiyo mfano wake mkuu. Intel ikainunua Barefoot 2019, kisha Januari 2023 ikatangaza kusimamisha uendelezaji wa Tofino. Lugha ni ya wazi na ipo mpaka leo, lakini programu iliyoandikwa kwa mpangilio wa chipu ile haiingii kwenye chipu nyengine bila kufumuliwa.

Kwa hiyo kuchagua jukwaa "litakalodumu" ni kujidanganya, liwe la bure au la kulipia. Kinachowezekana ni kuandika programu huku ukijua kwamba siku moja itahama, na hilo linaanza na mpangilio wa kazi. Maamuzi ya taasisi yawekwe kama data, faili linalosomeka na mtu: vifaa vya eksirei ni hivi, vinazungumza na seva hizi, kisichosajiliwa hakipiti. Faili hilo lisitaje jina la kidhibiti chochote. Juu yake iwepo sehemu ya mantiki inayosoma data na kutoa kanuni, nayo isiite amri za jukwaa moja kwa moja. Mwisho kabisa iwepo sehemu nyembamba inayozungumza na Ryu, ONOS au kingine, na hiyo ndiyo itakayoandikwa upya siku ya kuhama. Palipo na uwezekano, kanuni ziwekwe kwenye swichi mapema badala ya kusubiri pakiti ya kwanza ije kuuliza. Kufanya hivyo kunapunguza utegemezi wa kiungo cha bahari, na pia kunaondoa sehemu kubwa ya tofauti za majukwaa nilizozieleza, kwani nyingi zinazaliwa pale pakiti inapoletwa juu.

Gharama ipo. Programu itachukua muda zaidi kuandikwa, na baadhi ya uwezo wa jukwaa, kama lugha ya nia ya ONOS inayokuruhusu kusema tu "unganisha A na B", utaachwa bila kutumika au utafungiwa ndani ya ile sehemu nyembamba. Mimi ningelipa gharama hiyo.

Kinachobaki ni majaribio, na hapa ndipo mikataba yetu inapoweza kufanya kazi kubwa kwa maneno machache. Pamoja na programu, mkandarasi akabidhi majaribio yanayoeleza tabia inayotakiwa kwa mtazamo wa mtandao wenyewe: chomeka kifaa kigeni, tuma pakiti, hakikisha haikufika. Kata kiungo cha kidhibiti, subiri, tuma tena, hakikisha bado haikufika. Majaribio ya namna hii hayajali jukwaa gani liko nyuma. Mininet, programu ya bure ya kuigiza mtandao ndani ya kompyuta moja, inatosha kuyaendesha, ingawa mengine yarudiwe kwenye swichi ya kweli, kwa kuwa nafasi ya jedwali kwenye chipu ni ndogo mno kuliko ya kwenye kompyuta.

Kisha kiwekwe kifungu kimoja kwenye zabuni: malipo ya mwisho yatatoka baada ya mkandarasi kuiendesha programu ile ile, mbele ya mafundi wa taasisi, juu ya kidhibiti cha pili kitakachochaguliwa na mnunuzi, na majaribio yote yakapita. Mzabuni aliyepanga kazi yake vizuri atahitaji kuandika sehemu nyembamba tu. Aliyeifunga programu kwenye bidhaa yake ataonekana mapema, kwenye bei atakayoitaja au kwa kujitoa. Majaribio yenyewe yabaki kuwa mali ya taasisi, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapewe kazi ya kuyaendesha kila toleo jipya la kidhibiti linapotoka na kuandika kilichobadilika.